Mechi Saba kwa Shingo ya Mtu

Mwaka 2001, nchini Australia, mchezaji mmoja wa raga ya ligi aitwaye John Hopoate alifungiwa mechi 12. Kosa lake lilikuwa la aibu, nami nitalitaja upesi ili tulivuke: alikuwa akiwatia wapinzani wake kidole mahali ambapo mtu mzima hatiwi kidole. Hakuna aliyevunjika mfupa. Hakuna aliyelazwa hospitalini. Walikasirika, wakafedheheka, wakaendelea kucheza.

Tarehe 24 Machi 2014, mjini Melbourne, kijana wa miaka 22 aitwaye Alex McKinnon, wa timu ya Newcastle Knights, alikamatwa na wachezaji watatu wa Melbourne Storm, akanyanyuliwa, miguu ikaenda juu, akashukia shingo. Pingili ya nne na ya tano za shingo yake zilivunjika, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kati ya wale watatu aliyefikishwa mbele ya baraza la nidhamu ni mmoja tu, Jordan McLean. Akafungiwa mechi saba.

Kidole, mechi 12. Shingo, mechi saba.

Kila ninapoitaja hesabu hii katika mazungumzo, wapenzi wa mchezo hunijia juu. Huniambia kwamba nalinganisha vitu visivyolingana, kwamba Hopoate alifanya kwa makusudi ilhali McLean hakuwa na nia mbaya hata chembe. Nakubali kwamba hakuwa nayo. Sijapata kumsikia mtu mwenye akili timamu akidai kwamba McLean aliingia uwanjani jioni ile akitaka kumvunja mwenzake shingo. Ninachouliza ni kitu kingine: nani aliyeamua kwamba nia ndiyo iwe kipimo kikuu cha adhabu katika mchezo ambao unaweza kumpooza mtu bila ya yeyote kunuia? Mchezo unaoadhibu kilichouaibisha kuliko kilichoulemaza mwili wa mtu una kasoro katika mizani yake, na kasoro hiyo haikuanza mwaka 2014 wala haikuishia hapo.

Inafaa kwanza nimweleze msomaji ni mchezo gani ninaouzungumza, kwa maana huku kwetu tukisema raga tunaifikiria ile ya Kenya: ya watu 15, au ile ya watu saba ambayo vijana wa Kenya waliichukulia kombe huko Singapore mwaka 2016 kwa kuwashinda Fiji 30 kwa 7. Raga ya ligi ni binamu yake. Walitengana tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli iitwayo George, mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale vilabu vya watu wa viwandani na migodini vilipojitoa katika chama kilichoongozwa na mabwana wa kusini. Ugomvi ulikuwa wa pesa, lakini pesa ya namna yake: ujira wa siku. Mchimba makaa aliyeacha zamu yake Jumamosi ili akacheze alipoteza ujira, na vilabu vya kaskazini vilitaka alipwe fidia. Mabwana wakakataa, wakisema mwungwana hachezi kwa malipo. Watu wa kaskazini wakaenda zao, wakaunda mchezo wao, baadaye wakapunguza wachezaji hadi 13 kila upande, na mchezo huo ukavuka bahari hadi Australia, ambako leo ndiko wenye pesa na watazamaji wengi zaidi.

Naikumbusha historia hii kwa sababu. Mchezo huu ulizaliwa na watu waliosema kwamba mwili wa mfanyakazi una thamani na kwamba siku anayoipoteza lazima mtu ailipie. Ningetarajia wajukuu wao wawe wepesi kuliko wote kuuliza nani anailipia siku ya aliyevunjwa.

Katika raga ya ligi, kukaba ndiko kila kitu. Upande wenye mpira unaruhusiwa kukabwa mara sita, kisha unautoa. Kukaba maana yake ni kumkamata mwenye mpira kwa mikono na kumwangusha au kumzuia asisogee, na jambo hilo hutokea mamia ya mara katika dakika 80, mara nyingi watu wawili watatu wakimvamia mmoja. Nilijifunza kuupenda mchezo huu nilipokuwa nasoma katika mji mmoja wa Yorkshire, nikisimama miongoni mwa wazee waliovaa kofia za sufi, ambao waliujua kila upande wa uwanja ule kama mtu anavyolijua shamba la babake. Wazee wale hawakuwa wakatili. Mchezaji alipolala bila kujigeuza, uwanja mzima ulikuwa kimya. Basi nisomwe kama mtu anayeupenda mchezo huu. Anayeuchukia hana haja ya kuandika kurasa hizi, angeuacha tu ujifie.

Sheria zenyewe si mbaya. Ni marufuku kumgonga mtu kichwani au shingoni. Ni marufuku kumnyanyua na kumgeuza hata kiwiliwili kikapita usawa wa ardhi. Ni marufuku kumpiga kumbo la bega bila kutumia mikono. Hilo ligi kuu ya Australia ililipiga marufuku tangu msimu wa 2013. Ni marufuku kumkamata mtu kwa nyuma na kumdondokea miguuni kwa uzito wote wa mwili. Yote haya yameandikwa. Tatizo ni kinachofuata baada ya kuvunjwa.

Tazama namna ngumi zinavyohukumiwa. Mwaka 2004 Danny Williams wa Melbourne Storm alimpiga Mark O'Neill wa Wests Tigers ngumi ya kuvizia, akafungiwa mechi 18. Mwaka 2014, katika fainali ya ligi kuu ya Uingereza uwanjani Old Trafford, Ben Flower wa Wigan alimpiga ngumi Lance Hohaia wa St Helens, na Hohaia alipokwisha kulala chini akampiga tena. Ilikuwa dakika za mwanzo kabisa. Alitolewa palepale na baadaye akafungiwa miezi sita. Hakuna aliyesema adhabu hizo ni kali kupita kiasi. Nami sisemi.

Lakini tujiulize kwa nini ngumi inaadhibiwa kwa moyo mkunjufu namna hii, na ukabaji wa hatari kwa kusitasita. Jibu langu ni kwamba ngumi inaingia uwanjani uchi. Haina sheria inayoifunika. Kila mtu anaiona kuwa ni ngumi. Ukabaji wa hatari umevaa kanzu. Unafanana na kitu halali, unatofautiana nacho kwa inchi chache, na mtetezi wa mchezaji hana kazi kubwa mbele ya baraza: anaonyesha picha polepole, anaeleza kwamba mwenye mpira aliinama kidogo, kwamba mkono uliteleza, kwamba mwenzake wa pili ndiye aliyenyanyua. Katika kesi ya McKinnon ilielezwa kwamba yeye mwenyewe alikikunja kichwa. Hebu fikiri. Mtu anageuzwa miguu juu kichwa chini, anakunja kichwa kama afanyavyo mwanadamu yeyote anayeanguka, kisha kukunja kwake kunakuwa sehemu ya utetezi wa waliomgeuza.

Na matokeo je? Ngumi ya Flower iliuma na ilikuwa ya kikatili, ila ukabaji ndio unaojaza machela. Juni 2015, katika ligi ya jimbo la Queensland, James Ackerman wa timu ya Sunshine Coast Falcons alipigwa kumbo la bega, lile lile lililokwisha kupigwa marufuku. Alikuwa na miaka 25. Alifariki dunia siku mbili baadaye. Aliyempiga alifungiwa mechi nane. Sitamtaja jina, kwa maana naamini anabeba mzigo ambao hakuna baraza linaloweza kuuongeza wala kuupunguza. Lakini nambari naitaja: nane. Ni chini ya nusu ya ile ya ngumi ya Williams, na ni pungufu ya ile ya kidole.

Turudi kwenye nia, kwa kuwa hapo ndipo wakubwa wa mchezo hujificha. Dereva wa basi anayepita gari jingine kwenye kona hana nia ya kumuua mtu. Anataka kufika mapema, abiria wake wanamshangilia, na mara tisini na tisa anapita salama. Je, mara ya mia, akikutana na lori uso kwa uso, tutamwambia hakimu amsamehe kwa kuwa hakukusudia? Sheria za barabarani hazimngoji aue. Zinamkamata kwa kupita kwenye kona. Askari wa kweli, nisemapo wa kweli msomaji ananielewa, humwandikia hata kama barabara ilikuwa nyeupe na hakuna aliyeumia.

Raga ya ligi hufanya kinyume. Hungoja machela. Mchezaji akinyanyuliwa na kugeuzwa, kisha akashukia bega, akasimama akajipangusa, mara nyingi inakuwa faulo tu, pengine na mechi moja au mbili za kufungiwa. Akishukia shingo, baraza linakaa, magazeti yanaandika, na nambari inapanda. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni namna mwili ulivyotua, jambo ambalo halikuwa mikononi mwa mtu yeyote. Kwa hiyo hata zile mechi saba za McLean naziona kuwa mbovu kwa pande zote mbili. Kwa uzito wa kilichotokea zilikuwa kidogo. Na kwake yeye zilikuwa bahati mbaya, kwa sababu wengine waliofanya kama yeye katika misimu iliyotangulia walikwenda zao nyumbani na adhabu ndogo, wala hakuna aliyemwonya kwamba hicho ndicho kitakachotokea. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Walioachwa kuonywa walikuwa wengi. Aliyelia ni McKinnon.

Ndiyo maana sikubaliani na wale, na ni wengi, wanaotaka aliyeumiza akae nje kwa muda ule ule atakaokaa nje aliyeumizwa. Nimeisikia hoja hiyo ikitolewa kwa hasira mwaka 2022, pale Patrick Carrigan wa Brisbane Broncos alipomdondokea Jackson Hastings miguuni. Hastings alivunjika mguu na msimu wake ukaishia hapo. Carrigan alifungiwa mechi nne. Watu wakasema: naye akae hadi mguu upone. Inavutia masikioni, ila ni kisasi kilichovaa suti. Tukifuata kanuni hiyo, mwenye kumdondokea mtu mwenye mifupa migumu atapona, na mwenye kumdondokea mwenye mifupa laini ataangamia. Tutakuwa tumeirudisha bahati nasibu kitini mwa hakimu. Mimi nataka tendo lipimwe kwa hatari yake kabla hatujajua nani amevunjika nini, na nataka kipimo hicho kiwe kizito tangu mwanzo.

Kiwe kizito kiasi gani? Hapo ndipo ninapokasirika, kwa maana badala ya kupanda tumeona kikishuka kwa njia za ujanja. Mwaka 2022 ligi ya Australia ilizipanga upya adhabu zake, na makosa ya daraja la chini, likiwamo la kumgonga mtu juu ya mabega kwa uzembe, yakawa ya kulipia faini. Kwa kosa la kwanza la daraja la kwanza, anayekiri mapema alipangiwa dola 1,000. Anayebisha na kushindwa hulipa zaidi. Yaani kuna bei, na kuna punguzo kwa anayewahi, kama duka la viatu mwisho wa mwezi. Mchezaji nyota wa ligi hiyo hulipwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka; dola 1,000 kwake ni chakula cha jioni na marafiki. Sababu iliyo nyuma ya mpango huo haikufichwa sana: watazamaji wanataka kuwaona wachezaji wakubwa katika mechi kubwa, na kuwafungia kwa makosa madogo kunaiharibia televisheni bidhaa yake. Naielewa biashara hiyo. Ila mtu mzima asiniambie kwamba kumgonga mwenzako kichwani ni kosa dogo kwa sababu safari hii hakuzimia.

Maana hatuishi tena mwaka 1975. Tunajua mambo ambayo wazee wangu wa Yorkshire hawakuyajua. Steve Folkes, aliyeichezea Canterbury na baadaye kuwa kocha wake, alifariki mwaka 2018. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi, ule ambao huthibitishwa tu baada ya mtu kufa. Paul Green, aliyeiongoza North Queensland Cowboys kutwaa ubingwa wa 2015, alifariki Agosti 2022 akiwa na miaka 49, naye akakutwa nao. Huko Uingereza, Oktoba 2021, Bobbie Goulding, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa, alitangaza kwamba amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 49, akaungana na wenzake kudai haki yao dhidi ya chama cha mchezo. Sidai kwamba kila pigo lililowafikisha hapo lilikuwa faulo. Mengi yalikuwa halali. Lakini ikiwa hata mapigo ya halali yanadhuru namna hiyo, basi yale ya haramu hayana kisingizio kilichobaki, na kuyauza kwa dola 1,000 ni jambo ambalo mtu atakuja kuulizwa.

Hoja kubwa ya upande wa pili ni kwamba ukali utauua mchezo. Mchezo utakuwa wa mayai, husema, wanaume watacheza wakiogopa kugusana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingekwisha kujaribiwa.

Katika miaka ya 1980 baraza la nidhamu la Sydney liliongozwa na mwanasheria Jim Comans. Mwaka 1982 alimfungia Bob Cooper wa Western Suburbs miezi 15 kwa ngumi alizopiga katika vurugu moja. Mwaka 1983 Les Boyd alimvunja taya Darryl Brohman kwa kiwiko katika mechi ya New South Wales na Queensland, akafungiwa miezi 12; aliporudi akakutwa na kosa la kumkwaruza mtu macho, akafungiwa miezi 15 mingine. Kulikuwa na kelele nyingi. Mchezo haukufa. Ulizidi kuwa mkubwa, na ni katika miaka hiyo hiyo mechi za majimbo hayo mawili zilipoota mizizi na kuwa sikukuu ya Australia nzima.

Mfano wa pili nausimulia kwa furaha zaidi, maana ni wa juzi tu. Juni 2013, katika mechi ya kwanza ya majimbo, Paul Gallen alimshindilia Nate Myles ngumi usoni mbele ya taifa zima. Akafungiwa mechi moja. Ngumi katika mechi hizo zilikuwa mila. Zilichezwa kwenye matangazo ya biashara, watu walizizungumza kama tunavyozungumza vitendawili vya bibi. Ligi ikatoa agizo fupi: kuanzia sasa anayerusha ngumi anatoka dakika 10. Katika mechi ya pili wachezaji wanne walitolewa kwa mkupuo. Na baada ya hapo? Ngumi zikawa kitu cha nadra. Mila ya karne nzima ilizimwa kwa dakika 10 tu, kwa sababu dakika hizo zilikuwa za hakika, zilitolewa palepale, na ziliiumiza timu mbele ya upande uliokosewa badala ya kusubiri Jumanne ya baraza. Watazamaji hawakuhama. Wachezaji hawakugeuka kuku. Walioapa kwamba mchezo umekwisha bado wanaununulia tiketi.

Neno hilo la upande uliokosewa halizungumzwi vya kutosha. Mchezaji wako akivunjwa shavu leo, wewe unampoteza leo. Aliyemvunja akirudi uwanjani baada ya dakika 10, anaendelea kucheza dhidi yako. Kisha baraza likimfungia mechi tatu, faida inakwenda kwa timu tatu zitakazokutana naye, ambazo hazikupoteza mtu. Wewe uliyeumizwa umelipia karamu ya jirani. Kwa hiyo mimi ningeanzia hapo: anayemgonga mtu kichwani akiwa amesimama wima, bila hata kujaribu kuinama, atoke asirudi siku hiyo. Hao wa raga ya watu 15 wamekuwa wakitoa kadi nyekundu kwa makosa ya aina hiyo tangu mwaka 2017, na orodha yao ya adhabu huanzia wiki sita kwa kosa la kati la kichwa, ingawa nao wana milango yao ya nyuma, na siku hizi wameanza kuilainisha kadi yenyewe kwa kumruhusu mchezaji mwingine aingie baada ya dakika 20.

Kisha ningefuta faini zote kwa makosa ya kichwa na shingo. Mtu alipe kwa mechi, kwa sababu mechi ndicho kitu pekee ambacho mchezaji na klabu yake hawawezi kukitoa mfukoni. Punguzo la kukiri mapema nalo ningelifuta kwa makosa hayo. Na watu watatu wakimnyanyua mmoja, wote watatu waende mbele ya baraza. Siwezi kuamini kwamba mikono sita ilikuwa juu ya McKinnon na ni miwili tu iliyokuwa na la kujibu. Mchezaji akijua kwamba atajibu hata kwa tendo la mwenzake, yeye mwenyewe atapiga kelele miguu inapoanza kupanda, na kelele ile ya uwanjani ina thamani kuliko mashauri yote ya baraza.

Nitaambiwa kwamba ligi imejaribu. Ni kweli, na kujaribu kwake ndiko kunakonikatisha tamaa. Mei 2021 mechi zote nane za wiki moja zilichezwa Brisbane, katika uwanja mmoja wa Suncorp, kama tamasha. Kuelekea wiki hiyo wakubwa, wakiongozwa na mwenyekiti Peter V'landys, walitangaza kwamba waliochoka kuona vichwa vikigongwa sasa watasikilizwa. Waamuzi wakatii. Katika siku tatu wachezaji watatu walitolewa moja kwa moja na 14 wakatolewa kwa dakika 10. Watangazaji walilia, makocha walilia, wachezaji wa zamani walitoka makaburini mwao ya televisheni kulia. Wakubwa walisema hawatarudi nyuma.

Agosti 27 mwaka huo huo, miezi mitatu na siku chache baadaye, katika uwanja huo huo wa Suncorp, South Sydney walicheza na Sydney Roosters. Latrell Mitchell wa South Sydney alimrukia Joseph Manu kwa kasi, bega likaingia usoni, na mfupa wa shavu ukavunjika. Manu, ambaye aliwahi kucheza naye timu moja, alitoka akivuja damu na hakucheza tena msimu ule. Mitchell alipewa dakika 10. Timu yake ilishinda 54 kwa 12. Baadaye mkuu wa shughuli za soka la ligi hiyo alikiri kwamba mchezaji yule alistahili kutolewa kabisa. Baraza lilimfungia mechi sita, na hata hizo zilinenepeshwa na makosa yake ya nyuma.

Usiku ule kocha wa Roosters, Trent Robinson, alikaa mbele ya waandishi wa habari na kusema kwa ukali aliyoyaona kuhusu waamuzi walioshindwa kumtoa mtu uwanjani. Ligi ikamtoza faini ya dola 20,000.